Shajara ya Kijiwe: Baiskeli za Mota, Ifakara

Jumapili, 9 Juni 2024

Mavuno ya mpunga yamepamba moto na mji umejaa baiskeli. Tangu alfajiri zinaingia sokoni kutoka Kivukoni, Lumemo na Katindiuka: magunia, mikungu ya ndizi, mkaa, madumu ya mafuta, ndoo za samaki. Bonde hili la Kilombero limebebwa na baiskeli tangu enzi za Swala, zile zilizoundwa Dar es Salaam na kiwanda cha NABICO. Siku hizi ni Phoenix. Bodaboda zipo tele, lakini mtu mwenye mzigo wa kila siku hawezi kulipa nauli ya kila siku, na pikipiki mpya haipatikani chini ya milioni mbili na ushei.

Kati ya baiskeli na pikipiki pana pengo, na wengi wanaokuja kijiweni kwangu wanaishi humo. Magoti yamechoka, mzigo haupungui. Nimeamua kuunda baiskeli inayosaidiwa na mashine na kuiuza hapa hapa Ifakara.

Sharti ninalojiwekea kabla sijanunua hata boliti moja: nitakachouza lazima fundi wa Lupiro au Mlimba aweze kukitengeneza nikiwa sipo. Mtu wa Malinyi aliyekwama siku ya mvua hasaidiwi na ustadi wangu ulioko kijiweni kwangu Kibaoni.

Alhamisi, 20 Juni

Injini ya petroli niliyoagizia Dar imefika. Ni ile ndogo ya mipigo miwili kutoka China, inayofungwa katikati ya fremu. Kasha limeandikwa 80. Nimeifungua na kupima: silinda ina kipenyo cha milimita 47, pistoni inatembea milimita 38. Ukipiga hesabu unapata cc 66. Mteja akiniuliza nitamwambia 66.

Inaendesha gurudumu la nyuma kwa cheni ya upande wa kushoto. Sproketi yake haikai kwenye habu. Inabanwa kwenye spoku zenyewe, raba mbili zikizishika kwa ndani na kwa nje kwa boliti tisa. Matundu tisa hayo yamepigiwa hesabu ya gurudumu la spoku 36, na Phoenix nyuma ina spoku 40. Nimelazimika kutoboa upya. Hata baada ya hapo jambo lenyewe linanikera: spoku zilitengenezwa zibebe uzito, na hapa zinavutwa kwa pembeni na injini.

Imewaka jioni. Watoto wa mtaa mzima wamekuja mbio. Inakwenda kasi, yapata kilomita 40 kwa saa kwenye lami, na kelele zake zinasikika mpaka ng'ambo ya reli.

Jumamosi, 29 Juni

Nimeitembeza vya kutosha, sasa niandike hukumu.

Inahitaji oili ndani ya petroli: wakati wa kuilainisha sehemu moja kwa kumi na sita, baadaye moja kwa ishirini au zaidi kidogo. Vijijini petroli inauzwa kwa chupa pembeni mwa barabara, na hakuna atakayepima oili kwa kifuniko kila asubuhi kwa mwaka mzima. Siku oili ikisahaulika pistoni inakwama ndani ya silinda. Pistoni nyingine iko Dar. Kishikio kinachokaza cheni nacho kikilegea kinaweza kugeuka na kuingia kwenye spoku gurudumu likiwa kwenye mwendo. Nikimfikiria kijana akishuka daraja la Kilombero na gunia nyuma, kisha kile chuma kiingie kwenye spoku, moyo unakataa kabisa kuiuza.

Usiku nimesoma habari za Soichiro Honda. Mwaka 1946, Japani ikiwa magofu baada ya vita, alipata shehena ya injini ndogo za jenereta zilizowasha redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Watu walizigombea kwa sababu treni zilijaa na petroli ilikuwa ya kuhesabu. Injini zile zilipomalizika ndipo akaunda ya kwake, mwaka 1947, na Wajapani wakaiita bata-bata kwa mlio wake. Kampuni aliisajili mwaka 1948.

Ninachokichukua kwake ni ule mpango wa kazi. Alianza na kilichopatikana, akajifunza kinapovunjikia, akahamia kutengeneza mwenyewe. Petroli nimeiacha, nageukia umeme, na mota yenyewe sitaweza kuiunda. Lakini vishikizi, kerio, sanduku la betri, vyuma vya kuzuia ekseli, vyote hivyo vinaweza kutoka kwenye mtungi wangu wa gesi na mikono yangu.

Jumatano, 10 Julai

Nimekaa na karatasi kupiga hesabu za umeme.

Mtu mwenye afya akiendesha baiskeli kwa saa nyingi hutoa wati 75 hadi 100. Mota ndogo ya ndani ya habu ni wati 250. Hiyo ni kumwongezea mpanda baiskeli wasaidizi wawili na nusu wasiochoka. Kwa mlima wa Mahenge haitoshi. Kwa bonde letu, tambarare kuanzia mtoni mpaka Mang'ula, na gunia la kilo mia likiwa nyuma, inatosha kwa mwendo wa kilomita kumi na tano kwa saa au zaidi kidogo. Aliyezoea kuisukuma kwa mkono ataiona kama muujiza.

Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360. Mpanda baiskeli akiendelea kukanyaga pedali, hiyo ni safari ya kilomita thelathini hivi. Kuijaza kunakula chini ya nusu uniti ya umeme pamoja na kinachopotea kwenye chaja. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, ambayo kodi ikiingia inakaribia shilingi 360 kwa uniti, ni kama shilingi 150. Aliye kwenye bei ya matumizi madogo hata mia hafiki. Pikipiki kwa umbali huo inakunywa petroli ya shilingi elfu mbili hivi, lita ikiwa imepita elfu tatu.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha kama mtu wa hapa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwezi Februari mwaka huu, mtambo wa kwanza kati ya tisa, megawati 235 kila mmoja. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka Kilombero. Maji yaliyopita kwenye majaruba yetu yanarudi kwa waya, nami nataka yarudi kumsaidia mkulima yule yule aliyeyatazama yakipita.

Ijumaa, 26 Julai

Wiki ya spoku.

Ringi ya mbele ya Phoenix ina matundu 32, ya nyuma 40. Ndivyo zilivyo baiskeli za aina hii tangu zilipokuwa za Kiingereza. Mota zinakuja na matundu 36. Fundi mwenzangu alishauri tutoboe habu ya mota upya. Nikakataa, kwa sababu spoku ikikatika Lupiro, fundi wa huko atakuta kitu ambacho hajawahi kukiona.

Nimepata njia. Mota inakwenda mbele, kwenye ringi ya alumini ya inchi 26 ya baiskeli za milimani, yenye matundu 36. Ringi hizo na tairi zake zinauzwa kila duka la vipuri hapa mjini. Mbele inashuka sentimita mbili tu, na usukani haubadiliki. Nyuma inabaki Phoenix: matundu 40, fraiwili ile ile, cheni ile ile. Asilimia kubwa ya matatizo ya baiskeli za mizigo yako nyuma, na nyuma kila kijiwe cha bonde hili kinajua la kufanya. Wafaransa nao waliweka injini upande wa mbele mwaka 1946, ile Solex iliyosukuma tairi kwa rola ndogo, na iliuzwa kwa mamilioni.

Habu ya mota ni nene, kwa hiyo spoku za kawaida ni ndefu mno. Nazikata na kupiga nyuzi upya kwa daizi, na nasuka kwa kupitisha mara moja badala ya mara tatu. Urefu nimeuandika ukutani kwa rangi. Nitauandika pia kwenye fremu ya kila baiskeli, chini ya kiti, ili fundi yeyote aukute.

Mota niliyoichagua ina gia ndani na inajiachia yenyewe: betri ikiisha, gurudumu linazunguka kama la baiskeli ya kawaida. Hilo kwangu ni la lazima. Umeme ukikatika Ifakara, mteja wangu atafika nyumbani kwa pedali.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, Morogoro. Nimezunguka kwenye mabanda tangu asubuhi. Kwenye mashine za kupandia na za kupukuchulia mahindi nimewauliza waundaji wote swali moja: kipuri kinachovunjika sana ni kipi, na mnakiuza wapi? Wanaojibu haraka ndio ambao wateja wao wanarudi. Nimeelezwa pia utaratibu wa SIDO: barua ya utambulisho kwa mjasiriamali mdogo anayetaka bidhaa yake ikaguliwe na TBS. Nimechukua fomu.

Jumatatu, 19 Agosti

Breki. Ningeweza kuandika shajara nzima ya breki peke yake.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Phoenix yenye breki za vyuma iliundwa kwa mtu anayekwenda kilomita kumi na mbili kwa saa. Raba zake zinakamata ringi ya chuma iliyopakwa kromu, na kromu ikilowa raba zinateleza. Kila mtu hapa anajua kuburuza kandambili chini wakati wa masika. Kwa baiskeli yenye mota na gunia, kandambili haitoshi.

Nyuma nimeweka breki ya ngoma, iliyofungwa ndani ya habu, isiyojali maji. Mzigo wetu unakaa nyuma, kwa hiyo tairi la nyuma lina ushikaji mzuri kuliko la baiskeli tupu. Mbele, breki ya mikono miwili inayobana ringi ya alumini, ambayo ikilowa inashika vizuri kuliko kromu. Vishikizi vyake nimevichomelea kwenye uma kwa gesi na shaba. Umeme wa kuchomelea ni mkali mno kwa bomba jembamba namna ile, unaunguza chuma kando ya mshono na baadaye kinakatika hapo. Na kila mkono wa breki una swichi: ukigusa tu, mota inazima.

Mzee anayekuja kuketi kijiweni, mwenye kazi ya baiskeli tangu pantoni ilipokuwa inavusha watu Kivukoni, ameitazama akisokota mkono wa breki kwa kidole. "Mwanangu," akasema, "mbio za sakafuni huishia ukingoni. Umeanza na ukingo. Vizuri."

Jumanne, 3 Septemba

Nimempelekea trafiki baiskeli aione kabla hajaikuta barabarani. "Afande, hiki kwako ni nini?" Ameizunguka, akauliza: bila kukanyaga, inakwenda? Nikamwonyesha kwamba mota haiwaki mpaka pedali zizunguke, na kwamba ikifika kilomita 25 kwa saa inaacha kusukuma. Ulaya wameweka mipaka hiyo hiyo, wati 250 na kilomita 25, ndipo baiskeli ya mota inahesabiwa kuwa baiskeli. Akasema kinachojiendesha chenyewe kwake ni chombo cha moto na atakitaka na namba na leseni. Hiki ameridhika nacho, akanisisitiza taa na viakisi. Nimeongeza vyote viwili, na vitakuwa ndani ya bei.

Mpaka huu wa kilomita 25 umenikaa vizuri. Ndio mwendo ambao fremu, breki na barabara za ndani ya vijiji vinaukubali.

Jumapili, 22 Septemba

Bei. Nimeiandika wazi ili mama watoto naye aikague:

Phoenix mpya: 280,000
Mota, kontrola na nyaya: 340,000
Betri na chaja: 420,000
Ringi, spoku, tairi, breki, taa: 95,000
Chuma, shaba, rangi, boliti: 45,000
Jumla: 1,180,000

Nitauza 1,400,000. Katika 220,000 inayobaki, 60,000 inakwenda kwenye sanduku la vipuri na haiguswi kwa ada ya shule wala kwa msiba. Inayobaki ni kazi yangu na pango.

Mama watoto ameuliza kwa nini nisichukue betri ya asidi, ambayo ni rahisi. Nimemweleza. Ile ni kilo kumi na kitu za risasi, na ukiikamua mpaka chini kila siku, mwaka hauishi kabla haijafa. Ya lithiamu yenye fosfati ya chuma inavumilia joto letu na kujazwa zaidi ya mara elfu. Hata hivyo ina masharti: isijazwe ndani ya chumba wanacholala watu, isiwekwe juani, isifungwe kwa plastiki. Masharti hayo nitayachora kwa picha kwenye sanduku, kwa sababu si kila mteja anasoma.

Mtaji wa mbili za kwanza unatoka kwenye kikoba chake. Jirani amenitajia wakopeshaji wa kausha damu, fedha siku hiyo hiyo. Riba yao ingeingia kwenye bei, na bei ingemwangukia muuza samaki. Nimesema hapana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mteja wa kwanza ni mama anayechukua kambale na perege Kivukoni na kuwauza nyumba kwa nyumba mjini. Samaki hawangoji. Akichelewa saa moja, joto linakula faida yake.

Alitaka fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, maana anavaa kitenge. Sanduku la betri nimelihamishia nyuma ya bomba la kiti, chini ya kerio, ili ndoo ikae bila kuguswa. Nimetia nusu ya siku kwenye muhuri wa sanduku kwa sababu maji ya samaki yanakula nyaya.

Amelipa nusu, nusu atamalizia kwa miezi minne. Kabla ya kuondoka nimemfundisha mambo matatu: kukaza nati za ekseli ya mbele, kusikiliza spoku iliyolegea, kuchomoa chaja kwanza ukutani. Ameyarudia yote. Kisha akauliza lililo kubwa: "Fundi, ikiharibika na wewe umesafiri?" Nimempa karatasi yenye mchoro wa nyaya kwa rangi zake, urefu wa spoku, na ukubwa wa kila boliti. Nikamwambia, mpe fundi yeyote karatasi hii.

Nyaya zenyewe nimezirahisisha makusudi. Plagi zote ni za maumbo tofauti, kwa hiyo huwezi kuchomeka mahali pasipo pake hata gizani.

Jumatatu, 18 Novemba

Amekuja mfanyabiashara mwenye fedha taslimu. Anataka baiskeli kumi kwa mkupuo, apeleke Mlimba na mbele zaidi. Masharti yake: mota kubwa ya wati 1,000, mwendo usiwe na kizuizi, breki ya ngoma itolewe kupunguza bei, na habari za vipuri tusizungumze.

Nimelala nikiiwaza ile fedha. Ingelipa deni la kikoba na kununua mashine ya kukunjia mabomba. Asubuhi nimemjibu: kumi nitaziunda, za wati 250, breki zote zikiwemo, na sanduku la vipuri liende nazo Mlimba pamoja na siku mbili za kumfundisha fundi wa huko. Amecheka kwa upole, amenishukuru, ameondoka.

Baiskeli kumi zenye mwendo wa pikipiki na breki za Phoenix zingekuwa na jina langu chini ya kiti. Nalijua bonde hili. Ajali moja na habari inafika Malinyi kabla ya jua kuzama, na hakuna atakayeuliza nani alitoa breki. Zaidi ya jina, kuna aliyeketi juu yake. Siwezi kumuuzia mtu mwendo bila kumuuzia kusimama.

Jumatano, 15 Januari 2025

Leo mama wa samaki amekuja kulipa awamu yake, na nimeona spoku mbili za mbele ni mpya, rangi yake si ya kwangu. Nimeuliza. Kumbe alikwenda msibani Lupiro kabla ya mwaka mpya, akaingia kwenye shimo. Fundi wa kule, mtu nisiyemfahamu, akasoma urefu chini ya kiti, akakata spoku za kawaida, akapiga nyuzi, akasuka, akanyoosha ringi. Alimtoza elfu mbili. Mama hakuona haja hata ya kunipigia simu.

Nimeligeuza gurudumu taratibu huku nimeweka kipande cha chaki karibu na ringi. Halikugusa popote. Kazi safi kabisa.

Katika mambo yote yaliyotokea tangu Juni, hili ndilo limenipa moyo kuliko fedha yoyote. Baiskeli yangu imeharibika mbali, ikatengenezwa mbali, na mwenyewe akaendelea na safari yake.

Jumapili, 2 Februari 2025

Mpango kabla masika haijaanza:

Nimempata yule fundi wa Lupiro kwa simu. Anakuja Jumatatu ijayo, pamoja na mmoja wa Mang'ula na mmoja wa Mlimba. Chakula na malazi ni juu yangu. Tutafungua mota hadi gia, tutapima nyaya za vihisi kwa mita, tutasuka gurudumu moja kila mtu, tutafungua na kufunga breki ya ngoma. Kila mmoja ataondoka na spoku zilizokatwa, kontrola moja, plagi, na mchoro. Vipuri hivyo vinatoka kwenye ile elfu sitini ya kila baiskeli. Watavilipia wakivitumia.

Oda zilizopo: muuza mikate wa Viwanja Sitini, mkulima wa Idete, na kijana anayepeleka maziwa. Wote nimewaambia wasubiri mpaka fundi wa karibu nao awe amefundishwa. Mkulima wa Idete alinung'unika, kisha akauliza kama anaweza kumleta mpwawe ajifunze naye, kwa kuwa kijijini kwao hakuna kijiwe.

Nimemwambia amlete. Benchi nitaliongeza leo jioni.